Anza na Beloved

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema kundi la wasomaji pale maktaba ya mtaani kwenu limekupa zamu ya kuchagua riwaya ya mwezi ujao, sharti iwe ya mwandishi wa Kimarekani na iwe imeshinda tuzo kubwa. Unaniuliza mambo mawili: uchague ipi, na je, tuzo inatosha kuthibitisha kwamba kitabu ni kizuri? Nimefurahi kwamba baada ya miaka yote ya kunisikia nikifundisha fasihi bado una hamu ya kunisikia tena.

Chagua Beloved ya Toni Morrison. Orodha ya washindi utaipata popote, kwa hiyo mimi nakupa kitabu kimoja tu, na sababu yangu ya kwanza ni mji unaoishi.

Ukisimama ukingoni mwa Mto Ohio hapo Cincinnati, ng'ambo unayoiona ni Kentucky. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mto ule ulikuwa mpaka mkali. Upande wako utumwa ulipigwa marufuku, na ng'ambo ile binadamu aliuzwa na kurithishwa kama ng'ombe. Mwishoni mwa Januari 1856, mto ukiwa umeganda kwa baridi, mama mmoja aitwaye Margaret Garner aliuvuka kwa miguu juu ya barafu pamoja na mumewe, wakwe zake na watoto wake wanne. Uhuru wao haukufika hata siku nzima. Sheria ya 1850 iliwaruhusu wenye watumwa kuwafuata watoro hadi ndani ya majimbo huru, na nyumba waliyojificha ilizingirwa saa chache tu baada ya kuvuka. Margaret alipoona wanaingia, alishika kisu akamuua binti yake wa miaka miwili ili asirudishwe utumwani.

Kesi yake ilisikilizwa hapo hapo mjini kwenu. Watu waliopinga utumwa ndio waliotaka ashitakiwe kwa mauaji. Unaweza kushangaa, lakini fikiri: huwezi kumshitaki mtu kwa mauaji bila kwanza kukubali kwamba yeye ni mtu, na kwamba yule aliyeuawa alikuwa mtoto wake. Upande wa pili haukutaka mashitaka, ulitaka mali yake irudi. Mali ikarudishwa. Margaret alipelekwa kusini zaidi, akafa kwa homa ya matumbo mwaka 1858, bado akiwa mtumwa.

Morrison naye alikuwa mtoto wa Ohio. Alizaliwa 1931 katika mji wa viwanda wa Lorain, kaskazini mwa jimbo hilo, na jina lake la kuzaliwa ni Chloe Wofford. Alikuwa mhariri wa kampuni ya Random House kule New York, akiwahariri watu kama mwanaharakati Angela Davis na bondia Muhammad Ali, huku akilea wanawe wawili peke yake na kuandika riwaya zake alfajiri kabla watoto hawajaamka. Alipokuwa akishughulikia The Black Book, kitabu kilichokusanya kumbukumbu za maisha ya watu weusi wa Marekani na kutoka 1974, alikutana na habari ya Margaret katika gazeti la zamani. Hakuandika historia yake. Alichukua lile tendo moja, akambuni mama mwingine, Sethe, kisha akajiuliza: mama kama huyu ataishije miaka 18 baadaye, katika nyumba ile ile, na binti mwingine aliyebaki akimtazama?

Sasa nikwambie namna ya kukisoma, maana wengi hukiacha katika kurasa 20 za mwanzo. Kinaanza na namba ya nyumba, 124, bila kukueleza ni nyumba ya nani, na tayari nyumba hiyo ina kinyongo. Mwaka ni 1873. Usihangaike. Morrison alitaka msomaji ajikute ametupwa mahali asipopajua, kama walivyotupwa watu anaowaandika. Endelea tu, utaelewa. Na itazame ile namba vizuri: moja, mbili, nne. Sethe alizaa watoto wanne, na wa tatu ndiye asiyekuwepo. Wasomaji wengi wameliona hilo, nami napenda kulionyesha, kwa sababu linakufundisha kusoma polepole.

Kuna ukurasa mmoja ambao kila nikiufikia huwa nafunga kitabu kwanza. Sethe anataka kaburi la mtoto wake liwe na jiwe lenye maandishi, na hana senti. Mchonga mawe anakubali kumchongea endapo atampa mwili wake kwa dakika kumi, mwanawe wa mchonga mawe akitazama. Kwa dakika hizo kumi anapata herufi saba, Beloved, yaani mpendwa, ndilo jina la kitabu. Kisha kwa miaka mingi anabaki akijiuliza: kama angempa dakika kumi nyingine, je, lingepatikana na lile neno la pili, Dearly, alilolisikia mhubiri akilitamka mazikoni? Mwanangu, mimi nimesoma vitabu vingi juu ya utumwa, vikiwemo vya pwani yetu wenyewe, vyenye hesabu za watu na majina ya majahazi. Hakuna kilichonieleza kama mama yule anayepiga hesabu ya herufi.

Usije ukadhani ni maombolezo matupu. Muangalie Baby Suggs, mama mkwe wa Sethe, aliyenunuliwa uhuru wake na mwanawe uzeeni. Anawakusanya watu uwazi wa msituni, anawaambia watoto wacheke, wanaume wacheze, wanawake walie, kisha anawahimiza waipende mikono yao, shingo zao, mioyo yao, kwa kuwa hakuna mwingine atakayewapendea. Msomeni kwa sauti hapo mtakapokutana. Sehemu ile imeandikwa kwa ajili ya sikio.

Swali lako la pili. Sisi tumezoea kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu sikubali. Kitabu kizuri kinahitaji watu wa kukisemea, na tuzo ni sauti ya watu wachache tu waliokaa chumbani wakakubaliana, au wakashindwa kukubaliana.

Chukua hiki hiki. Kilipotoka 1987 kiliingia katika orodha ya mwisho ya National Book Award, mojawapo ya tuzo kubwa za vitabu Marekani kama ilivyo Pulitzer, na hakikushinda. Mwezi Januari 1988 waandishi na wahakiki weusi 48, miongoni mwao Maya Angelou na Alice Walker, walitia saini tamko lililochapishwa katika jarida la vitabu la New York Times, wakisema wazi kwamba Morrison alikuwa bado hajapewa National Book Award wala Pulitzer. Katika ukurasa huo huo walikumbushwa wasomaji kwamba James Baldwin, mwandishi mkubwa mweusi aliyekuwa amefariki wiki chache nyuma, alizikwa bila kuipata hata moja kati ya tuzo hizo. Baldwin, mwanangu! Miezi michache baadaye Beloved ikapewa Pulitzer. Wapo walionung'unika kwamba majaji wameshinikizwa. Mimi nasema waliotia saini walifanya kazi yao, na kitabu kikafanya iliyobaki: mwaka 1993 Morrison akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Nobel ya Fasihi.

Hiyo Pulitzer yenyewe, inayotolewa chini ya Chuo Kikuu cha Columbia tangu 1917, ina utaratibu wa kujua. Jopo dogo la majaji husoma mamia ya riwaya na kupendekeza tatu, halafu bodi ndiyo huamua, na bodi ina ruhusa ya kukataa zote. Mwaka 2012 ilikataa zote, na mwaka huo hakuna riwaya iliyoshinda. Mwaka 1941 ilikuwa mbaya zaidi. Riwaya ya Hemingway juu ya vita vya Hispania ilipendekezwa, rais wa Columbia akaipinga, na tuzo haikutolewa kwa yeyote. Hemingway alisubiri hadi 1953 kuipata, kwa The Old Man and the Sea, na mwaka uliofuata akapata Nobel. Januari ya mwaka huo wa Nobel alikuwa huku kwetu, akanusurika ajali mbili za ndege mfululizo Uganda, hata magazeti yakatangaza kifo chake. Sentensi zake nazipenda, fupi na safi. Lakini kitabu chake cha uwindaji Tanganyika, kilichotoka 1935, sitakushauri uanze nacho: watu wa huku wamo, wanafuata nyayo za wanyama na kushika bunduki, ila mazungumzo marefu ni ya wageni.

Na wapo ambao tuzo hazikuwaona kabisa. Zora Neale Hurston alitoa Their Eyes Were Watching God mwaka 1937, riwaya ya mwanamke wa Florida anayetafuta maisha yake mwenyewe kupitia ndoa tatu, yenye lugha ya barazani kama ilivyosemwa. Hakupata Pulitzer. Alifariki 1960 akiwa fukara, na kaburi lake katika mji wa Fort Pierce halikuwa na alama. Mwaka 1973 Alice Walker, wakati huo bado kijana, alisafiri hadi huko, akapita katika majani marefu akilitafuta, akaweka jiwe kwa fedha zake. Baada ya hapo akaandika juu yake mpaka vitabu vya Hurston vikarudi madukani. Walker mwenyewe alikuja kupata Pulitzer mwaka 1983 kwa The Color Purple, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa riwaya.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, tuzo haitoshi, ingawa siidharau. Ukisikia kitabu kimeshinda, uliza nani alikaa mezani, na nani alikuwa mlangoni akipiga kelele.

Mambo mawili ya kiutendaji. Waambie wenzako mapema kwamba kuna ukatili na mambo ya kimwili ndani yake. Kule Virginia malalamiko ya mzazi mmoja kuhusu kitabu hiki yalifika hadi bunge la jimbo, na kundi lisiloonywa laweza kuvunjika katikati. Pili, kabla ya kikao nendeni pamoja kwenye jumba la makumbusho la National Underground Railroad Freedom Center, linaloeleza habari za njia za siri walizotorokea watumwa, liko hapo hapo kando ya mto. Kama bado wataona Beloved ni nzito mno, wape Song of Solomon ya Morrison huyo huyo, ya 1977. Ina vichekesho zaidi, ina safari na hazina ya dhahabu, na wanaume katika kundi lenu wataishika haraka.

Baba yako anakusalimu na anauliza kama koti la baridi ulilonunua linatosha. Ukifika pale Sethe anapomkuta Paul D, mwanamume aliyekuwa mtumwa pamoja naye zamani, ameketi barazani kwake, ambapo si mbali na mwanzo, nipigie simu jioni ya huku tuzungumze.

Mama yako