Nauza nyama, alafu kila siku naulizwa kama nyama inaua

Kazi yangu bucha, hapa Dar, miaka mingi sasa. Na niwaambie kitu, muuza nyama anayajua magonjwa ya mtaa kuliko hata mjumbe wa nyumba kumi, maana mtu akitoka hospitali kaambiwa ana presha au sukari au gauti, haipiti wiki oda yake imebadilika. Aliyekuwa anasema "niwekee mchanganyiko bosi, na kamafuta kidogo" leo anasema "steki tupu, hayo meupe toa yote". Wengine wanapotea kabisa, nakuja kuwaona wanapita na kuku wa kisasa kwenye mfuko wananikwepa macho. Alafu miaka ya karibuni wameibuka wale wa magrupu ya mapishi ya WhatsApp, hawa wanataka nundu, wanataka mafuta ya kondoo, ugali hawagusi, na ukiwauliza habari ya kolestro wanakwambia huo ni uongo umetungwa ili dawa ziuzike.

Kambi zote mbili zinakuja kubishana juu ya mzani wangu na mimi ndo nafanywa refa. Mimi si daktari. Ila nimesoma nilichoweza, wateja wangu wengine ni madaktari na manesi nawauliza bila aibu, na damu yangu napima kwa sababu nyama nakula, siwezi kuuza nisichokula. Na nina maslahi, nauza nyama, kwa hiyo chujeni mnavyosoma.

Ninavyoona mimi swali lenyewe linaulizwa nusu. Watu wanauliza "mafuta ni mabaya?" wanaishia hapo. Uliza pia ukiyatoa unaweka nini mahali pake, na ukiyaongeza umetoa nini.

Kuna mama mteja wangu wa siku nyingi, aliambiwa kliniki apunguze nyama nyekundu na mafuta. Akatii kweli, nyama kaacha, samli kaacha, mayai kaacha. Sasa njaa si iko palepale, basi asubuhi chai ya sukari na maandazi (ambayo yamezama kwenye mafuta, ila hayo hakuyahesabu), mchana wali na mchuzi mwepesi, jioni ugali wa sembe mkubwa na mchicha kidogo, katikati soda ya kushushia. Aliporudi kupima, triglaiseridi (aina ya mafuta yanayozunguka kwenye damu) zimepanda na sukari imeanza kusogea juu. Akaja analalamika "mwanangu, si nimeacha kila kitu?" Ameacha ndiyo mama, lakini nafasi ameijaza wanga na sukari, na wanga uliokobolewa ukizidi matumizi ini linaugeuza kuwa mafuta, ndo hizo triglaiseridi zenyewe. Tafiti nyingi zimeangalia jambo hili na zinafika sehemu ileile, ukipunguza mafuta ya kuganda (kama samli, siagi na mafuta ya ng'ombe) ukaweka mkate mweupe na sukari hujapata faida ya maana kwenye moyo, ukiweka mafuta ya maji kama ya alizeti, karanga na samaki, hapo faida inaonekana.

Kambi ya pili nayo. Mwalimu mmoja jirani yangu aliingia kwenye hayo mapishi, akatupa wanga wote, akawa anakula nundu, mayai ya kukaanga kwa siagi, chai ya maziwa mazito. Kitambi kikaisha, nilishuhudia mwenyewe suruali zinamvuka, sukari yake ikashuka vizuri tu. Kwa hilo siwabishii, kupunguza wanga kunasaidia watu wengi wenye sukari na vitambi. Ila alipopima lipidi, yaani mafuta ya kwenye damu, LDL, ile kolestro inayoitwa mbaya, imeruka mbali. Kwenye grupu wakamwambia usijali, hiyo ni LDL nzuri, kubwakubwa, haina neno. Aisee hapo ndo mimi nagoma.

Nagoma kwa sababu habari ya LDL haikuanzia kwa wauza dawa wa juzi. Joseph Goldstein na Michael Brown walipata Nobeli mwaka 1985 kwa kuonyesha kwamba ini lina vipokezi vya kunasa LDL kutoka kwenye damu. Mafuta ya kuganda yakizidi, vipokezi vinapungua kazi, LDL inabaki inazunguka na kupenya kwenye kuta za mishipa. Na wapo watoto wanaorithi hitilafu ya vipokezi hivyo kwa baba na kwa mama, LDL yao ipo juu toka kuzaliwa, wasipotibiwa wengi wanapata shambulio la moyo hata miaka 20 hawajafika. Watoto hao hawajala nundu, hawana kitambi, hawavuti sigara. Sasa mtu aniambie LDL haina kazi, aanze na hao.

Mwalimu nilimwambia asirudi kwenye ugali mlima, abadilishe mafuta tu. Nundu iwe ya sikukuu, kupikia atumie alizeti, aongeze karanga, parachichi, dagaa, na maharage kidogo hata kama grupu watamfukuza. Akakubali kwa shingo upande. Vipimo vya baadae LDL imeshuka na kitambi hakijarudi.

Huwa wananitupia kadi ya Wamaasai. "Mbona Wamaasai wanakula nyama na maziwa na hawana presha?" Kwanza, Mmaasai wa asili chakula chake kikuu kilikuwa maziwa, ng'ombe hachinjwi kila siku, ng'ombe ni mali. Pili, huo utafiti upo, ulifanyika hukuhuku kwetu, daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha mwaka 1964 kwamba wanaume wa Kimaasai wa Tanganyika walikuwa na kolestro ya chini na magonjwa ya moyo hayakuonekana sana. Hapo ndo wabishi wanapofunga kitabu. Mann huyohuyo mwaka 1972 akatoa majibu ya maiti 50 za wanaume wa Kimaasai walizozipasua, na kwenye mishipa utando wa mafuta ulikuwepo, tena si haba, ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri umri unavyoenda kwa hiyo damu ikawa inapita. Yeye alifikiri ni sababu ya kutembea na mazoezi. Sasa wewe unatoka kitandani unapanda bodaboda, unashuka kwenye kiti cha ofisi, jioni nyama choma na bia, alafu unajiita Mmaasai?

Pia wanapenda utafiti wa PURE wa 2017, watu zaidi ya 135,000 nchi 18, ulioonyesha wanaokula wanga mwingi sana walikufa zaidi na wanaokula mafuta mengi zaidi walikufa kidogo. Upo na ni mkubwa. Lakini fikiria, nani duniani anakula wanga asilimia 70 ya chakula chake? Maskini. Asiye na hela ya nyama mara nyingi hana hela ya dawa wala hospitali ya karibu, watafiti wanajitahidi kuchuja hayo ila hayachujiki yote. Mimi nachukua hapo kwamba wali mtupu na ugali mtupu si mlo, basi. Sichukui ruhusa ya kunywa samli.

Kitu ambacho watu hawakiongelei kabisa ni mafuta ya kupikia. Mtu anachambua steki kwangu, anatoa kila uzi mweupe, akifika nyumbani anachota mafuta ya kuganda kwenye ndoo kijiko cha kujaa anakaangia hiyo steki. Wakuu, mafuta ya ng'ombe karibu nusu yake ni yale ya kuganda, na mawese nayo karibu nusu. Umetoa mlangoni umeingiza dirishani. Mafuta ya nazi ndo kabisa, yanapita asilimia 80, japo tui la kuungia samaki mara mojamoja halina shida na mimi mtu wa Pwani hilo siachi. Alizeti ni kama asilimia 10 tu, na inalimwa Singida na Dodoma hapo.

Majirani zetu Mauritius walifanya jambo ambalo nalipenda sana kulisimulia. Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya kula ya bei ya kawaida, yaliyokuwa mengi mawese, yakawa ya soya. Hawakumkataza mtu nyama. Kufika 1992 wastani wa kolestro ya watu ulishuka kutoka 5.5 mpaka 4.7 (kwa kipimo cha mmol/L). Kulikuwa na kampeni nyingine za afya wakati huo, lakini sehemu kubwa ya huo mshuko ilipewa mafuta. Mnaobishania kipande cha nyama kwenye mchuzi, angalieni kwanza kwenye dumu.

Soseji ndo sitetei. Mwaka 2015 shirika la saratani la WHO liliweka nyama za kusindika, soseji, bekoni, nyama za kopo, kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani, nyama nyekundu ya kawaida wakaiweka "huenda". Kundi lile linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari, kwa hiyo wale wanaosema soseji ni sawa na sigara wanapotosha. Gramu 50 kila siku, kama soseji moja hivi, inaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 juu ya hatari uliyokuwa nayo, ambayo kwa mtu mmoja mmoja si kubwa sana. Lakini mtoto kuwekewa soseji kila asubuhi kwenye lanchboksi wakati kuna mayai, hapana.

Nyama nyekundu kiasi gani sasa? Wale wa World Cancer Research Fund, shirika la utafiti wa saratani, wanasema isizidi gramu 350 mpaka 500 ya iliyopikwa kwa wiki, ambayo kwa mzani wangu mbichi bila mfupa ni kama robo tatu kilo kwa huo mwisho wa juu. Familia nyingi zinazonunua kwangu hazifiki hapo kabisa, baba mama na watoto wanne wanagawana nusu kilo, hao ukiwaambia wapunguze nyama unawaonea. Wanaovuka ni kina kaka wa Ijumaa, wanne wanaagiza kilo tatu za choma, ndizi mbili, kachumbari ya kupambia, chumvi mezani inamwagwa kama mbolea, na kreti la bia chini. Gauti ikimshika anasema nyama. Bia je? Bia nayo inapandisha asidi ya yuriki, hiyo inayoleta gauti, kaka. Na ile sehemu nyeusi iliyoungua ikate utupe, mbuzi kuiva si lazima awe mkaa.

Ukitaka kujaribu lolote kati ya haya pima kwanza. Lipidi zote kwa mchanganuo, usikubali namba moja ya kolestro peke yake, sukari, presha, na figo. Kula kwa mtindo unaotaka kuujaribu miezi miwili mitatu, rudia kipimo, maana miili haifanani, kuna mtu anakula mayai kila siku LDL yake imetulia na kuna mwingine siagi kidogo tu inamrusha. Na kama unatumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) usikate wanga ghafla bila kumwambia daktari wako, sukari inaweza kushuka ukazimia, sijatishia mtu hapo, jamaa aliangukia mlangoni kwangu na tukamnywesha juisi kabla ya kumkimbiza. Wenye figo zilizochoka nao wasiongeze nyama kwa kusikia grupu.

Wadada wenye damu ndogo na watoto wanaoanza kula, hao mimi nawaambia waje. Maini kidogo mara moja kwa wiki yana madini ya chuma yanayoingia mwilini kirahisi kuliko ya mchicha, ila ukiwa mjamzito usiyapige kila siku, vitamini A ikizidi si nzuri kwa mtoto tumboni. Njooni asubuhi tu, saa nne yameisha.