Kangaruu ukimpika kama ng'ombe utamchukia bure

Ndugu zangu mliohamia Australia karibuni, swali mnalouliza sana ni kama kweli watu wa huku wanakula kangaruu, jibu ni ndiyo wanakula, iko supamaketi pale pale jirani na nyama ya kondoo. Huku South Australia ninakoishi iliruhusiwa kuuzwa kama chakula cha watu tangu 1980, majimbo mengine yakafuata 1993. Ila wenyeji wa asili wa nchi hii wamekula hiyo nyama maelfu na maelfu ya miaka kabla ya hapo, kwa hiyo tusiijie kama kioja.

Wengi wanaonunua wanarudi wamenuna, wanasema nyama ngumu na inanuka. Jamani si kosa la nyama. Sisi tumelelewa nyama iive mpaka iive tena, na kwa ng'ombe inakubali kwa sababu ana mafuta. Kangaruu mafuta hayafiki asilimia 2, hakuna anayemfuga, yuko porini anakula nyasi na kuruka maisha yake yote, sasa ukimwacha motoni ile robo saa uliyozoea unatoa soli ya kiatu. Shika hili moja tu: ama umpike haraka sana ama polepole sana, ukikaa katikati umeharibu.

Steki ndo ya haraka. Ukifungua paketi utaona nyama nyekundu inayoelekea weusi, na kuna kaharufu kanatoka, usishtuke, imefungwa bila hewa ndo maana, iweke kwenye sahani dakika kama kumi harufu ya paketi inaondoka, inabaki ile ya nyama pori yenyewe ambayo mi naipenda. (Ila kama imeoza utajua tu, inateleza na inanuka uchachu, tupa.) Ifute ikauke vizuri na tishu za jikoni, halafu paka mafuta nyama yenyewe siyo kikaango, na kitunguu saumu, pilipili manga na bizari nyembamba kidogo. Papai bichi tunaloweka kwenye mishkaki achana nalo kabisa, nyama hii laini inageuka ujiuji, na ndimu kamulia mezani usiilaze nayo usiku kucha. Kikaango kiwe cha moto haswa kianze kutoa moshi, steki ya unene wa vidole viwili dakika tatu upande huu, tatu upande wa pili, toa, funika na foili dakika tano, kata kukatisha nyuzi. Katikati itakuwa pinki na ndivyo inavyotakiwa, najua mama zetu wangeirudisha jikoni lakini nakuomba onja kwanza.

Kama una mimba hiyo ya pinki usile. Nyama pori isiyoiva inaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma vinavyomdhuru mtoto tumboni, wewe subiri mkia.

Na mkia ndo hasa nilitaka kuuongelea, maana huu unakuja moja kwa moja kwenye mapishi yetu! Kule Alice Springs, mji ulio katikati ya nchi, unauzwa mzima kwenye frizi na manyoya yake, wenyeji wanaubabua manyoya motoni, wanaukwangua, wanaufukia kwenye majivu na makaa mpaka uive. Mimi wa mjini namwambia muuza nyama anikatie vipande. Nachemsha na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, moto mdogo saa tatu au zaidi, prisha kuka karibu saa moja, mpaka nyama inaachia mfupa na supu inakuwa nzito inanata midomoni. Hapo nakaanga vitunguu na nyanya, natia bizari, namimina vipande na supu kidogo, tui zito mwishoni kabisa na moto mdogo lisikatike. Kwa wali au ugali, wageni wanaomaliza sahani wakiambiwa ni nini wanaomba tena.

Waislamu wenzangu, kangaruu hawachinjwi, wanapigwa risasi kichwani porini usiku na wawindaji wenye leseni, kwa hiyo ongea na sheikh wako kabla ya kununua, usitosheke na maneno ya kwamba mbona anakula nyasi.

Kima cha kangaruu (nyama ya kusaga) kwa sambusa ni kizuri sana, ongeza tu mafuta ya kupikia na vitunguu vingi kisikauke, na hicho kiive chote bila pinki. Steki ikibaki usiirudishe maikrowevu maana itakuwa ngumu pale pale, ikate nyembamba ikiwa baridi, changanya na kachumbari na pilipili, zungushia chapati ubebe kazini.