Pesa kidogo, kauli ya mwisho yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni msanii gani aliyedumu miaka mingi ambaye ungependa vijana wanaoanza sanaa wamsome, na wamsome kwa lipi?" Najibu bila kusita: Barbra Streisand wa Marekani, mwimbaji, mwigizaji na mwongozaji wa filamu. Wengi watamtaja kwa sauti yake, na sauti kweli anayo. Mimi ningependa vijana wamsome kwa mkataba aliousaini akiwa na umri wa miaka 20.

Alizaliwa Brooklyn, New York, Aprili 1942. Baba yake, Emanuel, alikuwa mwalimu, akafariki binti akiwa na miezi 15 tu. Mama alimwekea matumaini ya mzazi anayeijua shida: ajifunze kupiga taipu, apate kazi ya ukarani na mshahara wa uhakika. Binti akafuga kucha ndefu ili taipu isiwezekane. Alipoingia kwenye sanaa alishauriwa akaifanyie pua yake upasuaji, na hilo pia akalikataa. Mwaka 1960 alishinda shindano la kuimba katika baa ndogo ya Greenwich Village, mtaa wa jiji la New York, na tangu siku hizo akawa anaitwa kuimba katika vilabu vya usiku. Yeye alikuwa anatafuta uigizaji. Kuimba ndiko kulikomfungulia mlango kwanza.

Kufikia 1962 alikuwa amepata nafasi ndogo kwenye mchezo wa kuigiza wa Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, na jina lake lilikuwa limeanza kusikika mjini. Kampuni ya Columbia ikaja na mkataba wa kurekodi. Meneja wake, Marty Erlichman, akaenda kuzungumza na wakubwa, na hapo ndipo ninapotaka vijana wetu wasimame kidogo. Barbra hakuwa na chochote. Alikuwa msichana wa kupanga chumba. Hata hivyo walikubali kupokea pesa kidogo kuliko ambazo wangeweza kudai, ili mkataba uandikwe kwamba msanii mwenyewe ndiye atakayechagua nyimbo za kurekodi na namna albamu itakavyotoka. Kampuni haikuwa na desturi ya kumpa mtu mgeni uwezo huo. Ikampa.

Matunda yake yakaonekana kwenye albamu ya kwanza kabisa. Wauzaji walitaka kuipa jina la kuchekesha na kuvutia, akakataa. Akasema iitwe albamu ya Barbra Streisand, basi, watu wajue wananunua nini. Ilitoka mapema 1963, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya muziki ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Mwaka 1965 kituo cha televisheni cha CBS kilimpa kipindi chake, akakifanya peke yake saa nzima bila mgeni hata mmoja, wakati desturi ilikuwa kuwajaza wageni maarufu. Kile nacho kikazoa tuzo za Emmy, zile za televisheni.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona vijana wetu wa muziki wanavyosaini. Wanaonyeshwa gari, wanalipiwa nyumba, wanapiga picha na kalamu mkononi, halafu baada ya miaka michache unasikia wanatafuta pesa za kuununua uhuru wao kutoka kwenye lebo ileile. Wengine hawakuwahi kuusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho. Hilo linaniuma sana, maana vipaji tunavyo.

Filamu ya kwanza aliyoigiza Barbra, Funny Girl ya 1968, ilimpa tuzo ya filamu ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, akilingana kwa kura na mwigizaji mwenzake Katharine Hepburn. Mwaka 1969 yeye, Paul Newman na Sidney Poitier wakaanzisha kampuni yao ya filamu, waigizaji wakajitafutia namna ya kuamua wenyewe kinachotengenezwa. Mwaka 1977 alipata Oscar ya pili, safari hii kwa kutunga wimbo pamoja na Paul Williams, akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ile kama mtunzi wa muziki.

Lakini kazi iliyonifanya nimheshimu kuliko zote ni filamu ya Yentl. Inatokana na hadithi ya mwandishi Isaac Bashevis Singer kuhusu binti wa Kiyahudi kule Poland ambaye baba yake anamfundisha dini kwa siri, kwa kuwa elimu hiyo ni ya wanaume. Baba anapokufa, binti anakata nywele, anavaa kiume, anajiita Anshel na kwenda chuoni. Barbra aliipenda hadithi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960. Filamu ilitoka 1983. Miaka kama 15 alikuwa akibisha hodi kwenye studio na kurudishwa: hadithi ni ya Kiyahudi mno, yeye ni mkubwa mno kucheza msichana, na tena mwanamke ambaye hajawahi kuongoza filamu atapewaje mamilioni? Alipokubaliwa hatimaye, alipokea malipo ya chini kwa kuongoza. Akaandika pamoja na mwenzake, akaongoza, akatayarisha, akaigiza na kuimba.

Kuna kisa amekisimulia mara nyingi kuhusu miaka ile ya kusubiri. Alikwenda na kaka yake kwenye kaburi la baba yao, kaka akampiga picha amesimama kando ya jiwe. Picha iliposafishwa, kaburi la jirani lilionekana lina jina Anshel. Akaona ni ishara kwamba filamu ile lazima ifanyike. Ukiitazama ukijua hayo, zile nyimbo ambazo binti anamwita baba yake usiku zinakuingia mahali pengine kabisa.

Januari 1984 akapewa tuzo nyingine ya filamu, Golden Globe, ya mwongozaji bora, mwanamke wa kwanza kuipata. Wa pili, Chloé Zhao, alipatikana 2021. Hesabuni wenyewe. Upande wa Oscar hawakumtaja hata kwenye orodha ya waongozaji walioteuliwa. Mwaka 1991 akaongoza The Prince of Tides, ikateuliwa mara saba, ikiwemo filamu bora, na bado jina la mwongozaji halikuwamo. Huo ulikuwa uonevu na sioni sababu ya kuupaka rangi.

Nimesikia hoja kwamba ni mtu mgumu, anarudiarudia kipande mpaka watu wachoke. Ni kweli anarudia. Wanaume wangapi wanaofanya vivyo hivyo wanasifiwa kwa umakini? Magazeti yalipomsema vibaya wakati wa kutengeneza Yentl, mafundi wa Uingereza waliofanya naye kazi waliandika barua kumtetea. Kwangu mimi ushahidi wa waliobeba taa na kamera una uzito kuliko uvumi.

Asidhani kijana kwamba mwenye kauli ni mtu asiye na hofu. Juni 1967 Barbra aliimba Central Park, bustani kubwa ya New York, mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 135,000, akasahau maneno ya wimbo jukwaani. Woga ule ukamkaa miaka na miaka. Ziara kubwa ya kuimba hakuifanya tena hadi 1994, na alipanda jukwaani akiwa na skrini za kumwonyesha mashairi. Wakati huo wote aliendelea kurekodi, maana studio ilikuwa mahali alipoweza kupumua.

Amekuwa na albamu namba moja Marekani katika kila muongo kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 2010. Juni 2025, akiwa na miaka 83, ametoa nyingine, kwa kampuni ileile ya Columbia.

Kwa anayetaka kuanza kumsikiliza, naomba asianze na nyimbo za mapenzi za redioni, ingawa ni nzuri. Atafute The Broadway Album ya 1985. Wakubwa wa kampuni hawakuitaka, wakisema nyimbo za jukwaani haziuziki tena. Mkataba ulimpa haki ya kuchagua, akachagua, na ikapanda hadi namba moja. Wimbo wa kwanza humo una sauti za wanaume wanaojifanya mabosi wa muziki, wanamwambia mradi huu hauna soko. Anawaacha waongee, kisha anaimba.