Mwalimu, Weka Nakala Yako

Juzi nimepata ujumbe wa mwalimu kijana aliyepangiwa shule upande wa Malindi. Anataka kurekodi wazee na kuwarusha redioni, ananiuliza aanze wapi. Nimeandika jibu mara tatu nikalifuta, maana jambo hili kwangu ni fahari na kidonda pamoja. Basi namjibu hapa, nawe mwenye nia kama yake usome.

Mimi nafundisha Amu, ndiyo Lamu. Redio ya jamii iliponipa nusu saa kila Ijumaa usiku, nilikwenda Matondoni kwa nahodha mmoja mzee, na daftari lenye maswali 18. La kwanza: "Babu, nieleze historia ya Lamu." Akanitazama. "Hiyo si kazi yenu walimu?" Akarudia kamba yake aliyokuwa akiisokota. Ziara ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu niliacha daftari nyumbani, nikamuuliza tu: chombo kikipwelewa pale Shela, kijiji cha ufuoni kisiwani kwetu, hukaa vipi mchangani?

Akaiweka kamba chini. Alianza na bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana, akanionyesha kwa kiganja jinsi chombo kinavyolala ubavu, na kwamba hapo hata watu 100 wakisukuma hakitoki mpaka maji yarudi. Kisha mwenyewe akaingia Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la kisiwa jirani cha Pate na ukoo wa Mazrui, watawala wa Mombasa, liliposhuka pale kuitwaa Amu. Walipozidiwa walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimelala, maji yamekupwa. Wakauawa pale pale ufuoni. Miaka sita nimewafundisha watoto vita hivyo, na jinsi Amu ilivyoomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na ngome iliyokamilika baadaye. Maji sikuwahi kuyataja hata siku moja.

Kwa hiyo, mwanangu, uliza kitu cha mkononi. Huko kwenu waulize wavuvi mto Sabaki unapofurika na bahari ikageuka rangi ya udongo, samaki huenda wapi. Historia itakuja yenyewe.

Kipindi kiliporushwa simu zilimiminika. Mzee mmoja wa Pate alipiga, akasema kwao haisimuliwi hivyo. Kuna walionitaka nimkate. Nilimpa Ijumaa iliyofuata nzima, na mpaka leo sijatengeneza kipindi kinachonipendeza kuliko hicho.

Wala usimsahihishe mzee lugha yake. Shuleni niliambiwa nibadilishe "yeo" iwe "leo" na "ndia" iwe "njia", eti watoto wataanguka mtihani. Nilikataa. Mtoto wa mtaa wa Langoni amesikia Kiamu cha bibi yake kikitoka redioni kama maneno ya watu wenye heshima zao. Atajifunza Kiswahili cha mtihani bila kukionea haya cha nyumbani. Sisi walimu tumewanyamazisha wazee kwa kalamu nyekundu muda mrefu mno. Tuache.

Sasa kidonda. Kompyuta ya studio ilijaa, mtu akafuta vipindi vya zamani apate nafasi ya matangazo. Vipindi 23. Sikuulizwa, nilikuta tu havipo. Nahodha alikuwa ameshazikwa miezi minne. Niliambiwa, "Mwalimu, si utarekodi vingine?" Neno hilo bado linanichoma. Nilikuwa nimeamini kwamba kilichorushwa kimehifadhiwa, na sivyo: redio hurusha, haiweki. Weka nakala yako. Moja kwenye flashi, moja nyumbani kwa mzee mwenyewe, moja shuleni. Usimwachie mtu mwingine amana uliyopewa wewe. Narudia, weka nakala yako, usiku ule ule, kabla hujala.

Na ninyi mnaongoja mashine nzuri na ufadhili, mnamngoja nani? Mimi nilianza na simu. Punda walilia katikati ya maneno, wasikilizaji hawakulalamika. Kila msimu wa kaskazi unaopita tunazika watu.

Mwezi uliopita mjukuu wa nahodha, kidato cha pili, alinijia baada ya darasa akaomba sauti ya babu yake. Nilipekua simu yangu ya zamani, nikapata dakika 12, zile za mwanzo alipokuwa akieleza bamvua. Alizisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Zilipokwisha akaniuliza, "Mwalimu, na pale vyombo vilipolala?"

Nikamsimulia mimi, kwa maneno yangu.