Nilishakubali kazi, kisha nikaitwa kwingine

Mdogo wangu, unasema umeshakubali zamu za usiku kwenye poliklinika moja ya Kampemba, unaanza tarehe 1, na sasa umeitwa wodi ya watoto, kazi uliyoitamani tangu uko ISTM, chuo cha ufundi wa tiba. Unauliza kama ujumbe wa WhatsApp unatosha kuwaambia wa Kampemba kwamba huendi tena. Hautoshi. Mimi nilituma.

Ilikuwa hapa hapa Lubumbashi. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane, mama mwenye nyumba ameanza kuniita kwa majina yangu yote matatu, ndiyo maana nilipopewa nafasi ya uuguzi wodi ya upasuaji sikuuliza mara mbili. Wiki moja baadaye nikaitwa kwenye watoto wachanga, kule kule nilikofanyia staji, mafunzo ya kazi. Mshahara ulikuwa mdogo kwa dola 40, lakini kazi ile mikono yangu iliijua. Nikawaandikia wa upasuaji mistari miwili usiku, nikazima simu.

Asubuhi nikakumbuka bluzi zao za kazi. Walinipa mbili, moja nimeshaikunja pindo. Umeme hakuna, nikazipiga pasi ya mkaa, nikapanda teksi-basi kuzirudisha. Kwenye korido ratiba ya zamu ilikuwa bado ukutani: jina langu, usiku tatu mfululizo, limeandikwa juu ya blanko, ile rangi nyeupe ya kufutia wino. Ukisogea karibu ulisoma jina lililofunikwa, la muuguzi mmoja mkubwa kwangu, yaya kama tunavyosema hapa, aliyeomba siku hizo aende Likasi kumwona mjukuu wake wa kwanza. Naye alikuwa pale pale, na trei ya vidonda mkononi. Akanitazama. "Basi ni mimi tena," akasema, akaingia wodini.

Kwa hiyo, kwanza pata barua ya kazi mpya yenye saini na mhuri. "Uje Jumatatu" ya mdomoni si kazi, wengi wamelia nayo. Ukishaishika, nenda siku hiyo hiyo kwa mkuu wa wauguzi, wakati wamemaliza kupokezana zamu, si daktari akiwa kwenye ziara ya vitanda. Mwambie wazi umepata nafasi ya watoto na hutakuja. Usidanganye kwamba unamuuguza mama yako. Wauguzi wa mji huu tunakutana kila msiba na kila harusi. Akikuongezea pesa, shukuru ukiwa umesimama.

Barua fupi, nakala mbili, sekretari apige mhuri hiyo utakayobaki nayo. Kama ulishasaini mkataba, tafuta kipengele cha majaribio kabla hujaenda. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inataka majaribio yawe kwa maandishi na yasipite miezi 6, na kutoka ndani ya muda huo ni rahisi kuliko baadaye.

Na kama kuna mwenzako wa promosheni, mliyemaliza chuo mwaka mmoja, anayetafuta kazi, nenda na namba yake mfukoni, umwachie mkuu. Hilo mimi nilikuja kulifikiria nikiwa tayari kwenye teksi-basi ya kurudi. Yaya alifanya usiku zote tatu.