Paka wetu amekufa, watoto wanalia: tuwaambie nini?

SWALI

Assalaam alaykum, Sheikh. Jana alasiri paka wetu amegongwa na bodaboda. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeacha geti wazi, na tangu hapo hataki kula. Mdogo wake wa miaka minne anauliza paka anarudi lini. Wanataka tumvishe sanda na kumswalia. Baba yao anasema kumlilia mnyama ni ujinga. Je, wanakosea? Tumzike vipi? Na watamkuta Peponi?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullah, mama. Nianze na kauli ya baba yao. Anas bin Malik (r.a.), swahaba wa Mtume, alikuwa na mdogo wake kwa mama, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea, nughayr. Kindege kikafa. Mtume (s.a.w.) alipoingia kwao akamkuta mtoto ana huzuni, akauliza ana nini, akaambiwa. Akamwambia: "Ewe Abu Umayr, nughayr amefanya nini?" Swali hilo limo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, habari ya kufa kwa ndege imo kwa Abu Daud. Hakumcheka mtoto wala hakumwambia atapewa mwingine. Alimtajia ndege wake, tena kwa maneno yenye vina. Baba naye amkalishe mwanawe, amwulize habari za paka.

Machozi hayana ubaya. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu na kuchana nguo.

Kwa yule wa miaka minne, msiseme "amelala" wala "amesafiri." Mosi, ni uongo, na mtoto hadanganywi kwa kuwa ni mdogo. Pili, huyu huenda kila usiku anafundishwa dua ya kulala, "Bismika Allahumma amutu wa ahya" (kwa jina lako, ewe Mola, ninakufa na ninaishi). Akiambiwa paka alilala asiamke, ataogopa kitanda. Mtu tunasema amefariki, na neno kufa tunalikwepa kwa adabu, lakini hapa litumieni bila haya: "Paka amekufa. Hapumui, hali, hatarudi." Kesho atauliza tena. Si ukaidi, umri huo bado haujafahamu kwamba kifo hakina marejeo. Mjibuni kwa maneno yale yale.

Wa miaka tisa ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mkimwambia "si kosa lako" tu, hatawaamini, kwa sababu geti aliliacha wazi na analijua hilo. Mwambieni hivi: "Ulisahau, hukukusudia afe, na siku yake ya kufa ilikuwa imeandikwa." Mkumbusheni kwamba kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, yaani haandikiwi dhambi. Kisha mfundisheni kufunga komeo, bila kumsimanga kwa paka huyu siku nyingine.

Maziko: hakuna kuosha, sanda wala swala, hayo ni ya maiti wa Kiislamu. Kumfunga kwa kitambaa kikuukuu au kumtia kwenye boksi kwa ajili ya usafi hakuna tatizo, na watoto waacheni washike jembe. Chimbeni futi mbili hadi tatu, kisha mshindilie udongo. Shimo likiwa fupi mbwa watafukua usiku, na watoto ndio watakaokuta asubuhi. Liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, wala si katika makaburi ya Waislamu.

Paka akiwa hai ni twahara (si najisi), lakini mzoga wake ni najisi. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu haunajisiki. Palipo na umajimaji au damu, osheni kwa maji mpaka iondoke. Udhu haubatiliki kwa kugusa. Mbebeni kwa mfuko wa plastiki mkononi, maana viroboto huuhama mzoga ukianza kupoa. Na kama alimng'ata au kumparura mtu alipookotwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hata paka huwa nacho.

Ama Pepo, Qur'ani (6:38) inasema wanyama ni umma kama ninyi na watakusanywa kwa Mola wao. Katika Muslim imepokewa kwamba hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kisasi kwa mwenye pembe. Kauli iliyopokewa kwa swahaba Abu Hurayra inaeleza kwamba baada ya hapo huambiwa wawe udongo. Kwa hiyo msiwahakikishie kwamba paka anawangoja mlangoni mwa Pepo. Semeni lile lenye dalili: Peponi mna kila nafsi inachokitamani (43:71). Mtoto akiuliza, "Nikimtaka paka wangu?" ajibiwe: "Muombe Mwenyezi Mungu akuingize, kisha umuombe huko huko."

Paka mwingine msimlete wiki hii. Subirini watoto wenyewe waanze kumtaja. Wiki kadhaa zikipita na mkubwa bado hataki kula, hapati usingizi au anakataa madrasa, mpelekeni kwa daktari.

Wallahu a'lam.