Mama anatakiwa kuongezewa damu, ndugu wanabishana nani asaini: jibu langu

Mkuu, pole sana na mama. Nimesoma uzi wako mpaka kule chini walikoanza kurushiana maneno ya dini, nikaona nirudi kwenye ulichouliza. Mama yuko wodini, akili zake timamu, damu imeshuka mpaka 6 (kipimo cha himoglobini, yaani wekundu wa damu) na daktari anataka aongezewe. Fomu kapewa kaka yako mkubwa asaini, na baba mdogo, ambaye dhehebu lake halipokei damu, anasema mkatae. Ukauliza mwenye kusema ndiyo au hapana ni nani.

Ni mama. Si kaka, si baba mdogo, wala si wewe unayelipa bili.

Najua kwetu mambo hayaendi hivyo, maana yalinikuta. Mwaka 2019 nilikuwa natokwa na damu ya mwezi siku kumi na mbili mfululizo kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi. Nikipanda ngazi tatu nahema kama nimefukuzwa na mbwa. Hospitali (siitaji) wakanipima, damu 5.8, nikalazwa. Jioni nesi akaja na karatasi. Akanipita mimi niliyelala macho wazi, akamfuata mume wangu aliyekuwa mlangoni na chupa ya uji. "Baba, saini hapa." Mume wangu akasainia juu ya mfuniko wa chupa. Karatasi yenyewe Kiingereza kitupu. Nilipouliza ya nini, nikajibiwa, "Ya damu, mama, tulia."

Nikatulia. Sikuona ubaya wowote saa ile, nilikuwa nimechoka na nataka kupona. Ubaya niliuona usiku.

Chupa ya kwanza (tunaita chupa, ingawa ni mfuko) iliisha salama. Ya pili ilipoanza tu kushuka nikawashwa shingoni, kisha mapajani, mapele yakaumuka. Nikajiambia labda damu ya mtu mwingine ndivyo inavyoingia. Nikawa najikuna chini ya shuka kimyakimya nisiwasumbue waliolala. Ikaja baridi. Aliyenisaidia ni bibi wa kitanda cha jirani: "We binti, meno yanagongana hivyo na joto lote hili la Dar?" Akaita kwa sauti mpaka nesi akatokea.

Haki yake nimpe, yule nesi alijua kazi. Alifunga damu palepale, akabadilisha mpira, akaweka maji ya chumvi ili mshipa usizibe, akalinganisha tena jina langu na lebo ya mfuko, akamwita daktari. Nikachomwa sindano ya mzio, mfuko ukarudishwa maabara. Ilikuwa mzio tu, ukaisha. Ila kabla hajaondoka akaniuliza kwa kuudhika kidogo, "Mbona hukusema?"

Ningesema nini, na nani aliniambia kuna cha kusema? Ndiyo maana mtu akiniambia habari za ridhaa ni za wanasheria na Wazungu, huwa namwonyesha shingo yangu. Dakika tatu za maelezo jioni ile, nikaambiwa ukiwashwa, ukisikia baridi, mgongo ukiuma, kifua kikibana au mkojo ukibadilika rangi piga kelele, zingetosha. Saini ya mume wangu hospitali iliipata. Mimi nilibaki sijui kinachoingia mwilini mwangu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, daktari akipita raundi, mama mwenyewe aulize, au wewe uulize mbele yake. Kwa nini damu, na ni chupa ngapi? Damu imeshuka kwa sababu gani, maana kuongeza bila kuziba tundu ni kujaza ndoo inayovuja. Asipoongezewa itakuwaje? Kuna njia nyingine? Na madhara. Wakuambie wazi kwamba homa na mzio hutokea, kwamba kosa la kundi la damu ni nadra lakini linaua, na ndiyo sababu maabara huchukua damu ya mgonjwa na kuilinganisha na ya mfuko hata kama kundi linajulikana. Kuhusu maambukizi, damu inayopita Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Hatari iliyobaki ni ndogo, inatokana na mchangiaji aliyeambukizwa juzijuzi ambaye kipimo bado hakimnasi. Usikubali kuambiwa hatari ni sifuri, na usimsikilize anayekuambia damu za hospitali zote zina Ukimwi.

Hilo la njia nyingine nililijua 2021, niliporudi kutolewa ule uvimbe, hospitali tofauti. Damu ilikuwa 8.7. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akavuta kiti akakaa, akaniuliza mimi (mume alikuwepo) najua nini kuhusu kuongezewa damu. Nikamsimulia yale mapele. Akayaandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu. Akasema upasuaji si wa dharura, tuusogeze, nipewe madini ya chuma kwa mshipa, turudi baada ya wiki tano. Nikarudi na 11.2. Mifuko miwili iliwekwa tayari, fomu nikasaini mwenyewe baada ya kusomewa kwa Kiswahili, na mifuko haikuguswa.

Lakini usichukue hadithi yangu ukampelekea baba mdogo kama silaha. Chuma kinafanya kazi kwa wiki. Mama mwenye 6 anayehema kitandani, au ambaye bado anatokwa na damu, hizo wiki pengine hana. Daktari wake ndiye wa kusema.

Sasa baba mdogo. Mtu mzima, timamu, aliyeelezwa, anaweza kukataa damu hata kama sisi wengine tunalia. Huko Ontario, Kanada, Bi. Malette alipata ajali ya gari mwaka 1979, akafikishwa hospitali hajitambui, na kwenye mkoba wake ikakutwa kadi ya Mashahidi wa Yehova inayosema asipewe damu. Daktari akampa. Akapona, akashtaki, akalipwa dola 20,000, na mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1990, ingawa daktari alifanya kwa nia ya kuokoa uhai.

Ila kuna kesi ya pili inayokuhusu zaidi. Uingereza, 1992, binti anayetajwa kwa herufi T tu, mjamzito, amepata ajali ya gari. Yeye si Shahidi, mama yake ndiye. Baada ya kubaki na mama yake peke yao chumbani akasema hataki damu, akasaini fomu ambayo hakuna aliyemfafanulia. Hali ilipokuwa mbaya baba yake na mchumba wake wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Rufani ikasema kukataa kule hakukuwa kwake: kulitokana na msukumo wa mama, tena bila kuelezwa vya kutosha. Mpeni mama yenu nafasi ya kuongea na daktari baba mdogo akiwa nje. Na kaka awe nje. Na wewe pia, samahani. Akitoka hapo na jibu, liwe lolote, ni lake.

Kwa aliyeuliza kuhusu mtoto: hapo ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inakataza kumnyima mtoto matibabu, hivyo mzazi kukataa sio mwisho wa habari. Asiyejitambua katika dharura huokolewa kwanza, labda kama inajulikana alikataa mapema. Na kwa ndugu yetu wa Kisumu, ninyi Kenya mna Sheria ya Afya ya 2017, vifungu vya 8 na 9: mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa. Soma hicho cha lugha, kisha ukumbuke fomu yangu ya Kiingereza.

Damu haiuzwi, mtu akikuomba hela pembeni nenda kwa mganga mfawidhi. Kuombwa ndugu waje kuchangia ni kitu kingine, nendeni, na kaka mkubwa atangulie kwa kuwa anapenda kusaini.

Mama akikubali, kabla mfuko haujafungwa mpira ataje mwenyewe jina lake kwa sauti na lilinganishwe na lebo. Damu huanzishwa polepole, na dakika kumi na tano za mwanzo ndizo za kukodolea macho. Usitoke hapo kwenda kununua chai.